Daktari wa Stoo

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuwapokea madaktari tarajali, wale vijana waliomaliza chuo ambao hutakiwa kufanya kazi hospitalini mwaka mzima chini ya wakubwa wao kabla ya kupewa leseni. Mwaka huo hugawanywa kwa idara nne: watoto, upasuaji, uzazi na magonjwa ya ndani. Kila baada ya miezi mitatu wanahama. Mimi ni muuguzi, si daktari, na mratibu wao halisi alikuwa daktari bingwa mmoja ambaye hakuwa na muda hata wa kumaliza sentensi. Kwa hiyo mengi yaliniangukia mimi. Nilipanga nani aende wapi, nikampeleka siku ya kwanza, nikamtambulisha kwa msimamizi wa wodi, nikamwonyesha choo kilipo na mahali pa kuswali. Angalau mara moja katika kila idara nilikagua kitabu chake cha kazi, kile ambamo huandikwa kila jambo alilolifanya kwa mkono wake, na kutia sahihi yangu chini ya sahihi za wakubwa.

Vijana waliniita Mama. Nililipenda jina hilo kuliko cheo chochote nilichowahi kupewa katika uuguzi, na kosa ninalotaka kulieleza lilizaliwa humo humo.

Hospitali siitaji. Ipo Tanga, na waliokuwa nami siku zile ni watu wema kuliko watakavyoonekana hapa.

Kijana mwenyewe alikuja na kundi la watu kumi na wawili. Wazazi wake ni wakulima wa mahindi na mihogo huko Maramba, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kidigo ambayo wenzake waliotoka Dar es Salaam waliipenda kuitania. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia shikamoo kila aliyemzidi umri, hata akina mama wanaopiga deki, na sikumbuki daktari mwingine aliyekuwa akijua majina yao yote. Nilimpanga aanze na wodi ya watoto.

Alasiri moja, mwezi wake wa pili huko, nilikuwa namtafuta anipe kitabu nikikague. Muuguzi mmoja akanionyesha kwa kidevu stoo ya mashuka, iliyo mwisho wa korido. Nilimkuta amekaa juu ya marobota ya mashuka safi, kipimo cha moyo bado kinaning'inia shingoni, analia kama mtu asiyejua kwamba analia. Nilifunga mlango nikakaa karibu naye.

Mtoto wa miaka miwili alikuwa amefia mikononi mwake muda mfupi kabla. Alikuwa na malaria kali na damu imemwishia, na ile ya kuongezewa ilikuwa bado njiani kutoka maabara. Daktari bingwa wa watoto aliniambia baadaye kwamba mtoto yule alifika amechelewa na hakuna ambaye angemwokoa. Lakini kijana hakuwa na habari na hilo. Alichokuwa nacho kichwani ni kwamba mtoto alipoanza degedege, kwa muda wa pumzi tatu au nne, yeye alisahau kipimo cha dawa. Akili ilikuwa nyeupe. Muuguzi ndiye aliyemkumbusha. Akanieleza na sababu yake: alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa kike alipatwa na degedege nyumbani, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni kwenda kutafuta gari. Hawakulipata kwa wakati. Alipomwona mtoto wa wodini anatupa mikono, alimwona dada yake.

Nilimpa kitambaa changu. Alipotulia akaniambia, bila kuniangalia usoni, "Mama, naomba hili libaki humu humu."

"Halitoki humu, mwanangu," nikamjibu.

Na nilikuwa namaanisha. Ningeapishwa siku ile ningeapa.

Miezi mitatu ikatimia, akatakiwa kwenda upasuaji. Msimamizi wa chumba cha upasuaji alikuwa rafiki yangu tangu chuo cha uuguzi, na saa nne asubuhi, kazi ikiruhusu, nilikuwa nakwenda kunywa naye chai katika kachumba kao cha nyuma. Kulikuwa na bajia na chatini ya nazi, na wauguzi wengine wawili au watatu. Akaniuliza wa safari hii wakoje. Nikaanza kuwaelezea mmoja mmoja, kama nilivyozoea. Huyu mwepesi wa kujifunza, huyu mvivu wa asubuhi, huyu anajua kuliko anavyoonyesha. Nilipofika kwa kijana wa Maramba nikasema ana roho nzuri sana, wampokee taratibu, ana moyo mwepesi. Wakanitazama wapate zaidi. Nikawapa. Nikawaambia habari ya stoo, ya marobota ya mashuka, ya mtoto, ya akili kuwa nyeupe. Habari ya dada yake tu ndiyo niliyoibakiza, na kwa muda mrefu nilijipa sifa kwa hilo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema. Jibu nililojipa mwanzo ni kwamba nilitaka apokelewe kwa upole. Ni kweli, nilitaka. Lakini nakumbuka vilevile kwamba wale wauguzi wawili waliweka vikombe chini ili wanisikilize, na kwamba ilikuwa raha kuwa mtu anayejua yaliyo moyoni mwa madaktari. Sijui ipi kati ya hizo mbili ilifungua mdomo wangu. Nadhani ya pili.

Asubuhi ya kuhama nilimpeleka mwenyewe. Rafiki yangu akampokea kwa tabasamu kubwa kuliko kawaida, akamshika begani. Mimi nikaondoka nikidhani nimefanya kazi yangu.

Miezi mitatu ya upasuaji sikuwa nakutana naye sana. Nikimkuta koridoni ataniamkia, nikimuuliza mambo yanaendaje atasema yanakwenda vizuri. Kisha akaleta kitabu. Wenzake walikuwa wameshona majeraha, wamepasua majipu, wamesaidia operesheni za uzazi na za ngiri. Kurasa zake yeye zilikuwa na mistari mitupu. Alichokifanya karibu mara zote ni kushika vile vyuma vinavyotanua jeraha ili mwingine afanye kazi, na kuandika mafaili. Mwandiko mzuri, nukta zote mahali pake, na hakuna kitu.

Nikamgombeza. Nilifanya hivyo mbele ya wenzake wawili waliokuwa wakisubiri sahihi. Nikamwambia kazi haimfuati mtu, mtu ndiye anayeifuata. Nikamwambia nyumbani kwao wamemsomesha kwa jasho, naye anasimama pembeni kama mgeni. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma, akasema, "Nitajitahidi, Mama." Nikatia sahihi nikiwa nimekunja uso.

Zamu ya uzazi ikafika. Wiki ya kwanza nilikuwa napita kwenye korido ya wodi ile nikasikia mkunga mmoja anamwambia mwenzake amwite daktari, "lakini siyo yule wa stoo, mwite mwingine." Nikasimama. Nikamuuliza yule mkunga daktari wa stoo ni nani. Akacheka kidogo, akidhani natania.

"Si yule kijana wako aliyelia stoo," akasema. "Wewe ndiye uliyetuletea habari zake, dada, na sasa unatuuliza sisi?"

Sikuwa nimewaletea wao. Nilikuwa nimewaambia watu watatu kwenye chai. Lakini hospitali ni nyumba moja, na neno lilikuwa limetembea kutoka upasuaji hadi uzazi kabla kijana hajahama. Huko upasuaji, nikaja kujua, ndilo lililomweka pembeni. Kila kazi ya mkono ilipotokea mtu alisema apewe mwingine, tusimtie huyu mashakani. Walikuwa wanamhurumia. Wote walikuwa wanamhurumia kwa maneno yangu, na huruma hiyo ilikuwa imemfungia mlango, na mimi nilikuwa nimemgombeza kwa nini hapiti.

Nilirudi ofisini nikakaa. Niliazimia kwenda kuongea na wakunga, kisha na rafiki yangu, kisha na kijana mwenyewe. Wiki ikapita, na nyingine. Kila nikitaka kuanza, nilikuwa naona ni lazima niseme sentensi inayoanza na "mimi", na sikuiweza.

Jumanne moja kabla ya adhuhuri nilikuwa wodi ya uzazi kukagua vitabu. Alikuwapo mwanamke mmoja aliyetoka Mkwaja, mimba yake ya kwanza. Alikuwa amesafirishwa tangu jana yake kwa barabara mbovu, na amefika na mama mkwe wake. Kijana alikuwa amempima presha mara mbili. Mwanamke alilalamika kichwa, akasema anaona vimulimuli, na anabanwa na maumivu juu ya tumbo. Kijana alimfuata msimamizi wa wodi akamwambia kwa heshima kwamba anahofia kifafa cha mimba. Aliomba mama ahamishiwe chumba cha uangalizi, aanzishiwe dawa, na daktari bingwa wa uzazi aliyekuwa chumba cha upasuaji apelekewe habari sasa hivi. Utaratibu wa pale haukumruhusu tarajali kuanzisha dawa ile bila mkubwa wake kujua.

Msimamizi akasema bingwa anatoka muda si mrefu, na mama huyu kachoka na safari, apumzishwe. Kijana akarudia maneno yake, safari hii kwa haraka zaidi. Muuguzi mmoja akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Kijana akaliona. Akageuka akaniangalia mimi.

Sijui alitarajia nini. Labda alitarajia kwamba Mama atasema neno. Na nikalisema. "Tulia, mwanangu," nikamwambia. "Usijitie wasiwasi."

Niliyajua yote niliyoyajua, na bado sauti iliyonitoka ilikuwa ile ile ya wengine. Nilimwongelesha kama mtu anayeweza kulia wakati wowote.

Aliondoka kwa miguu ya haraka kwenda mwenyewe chumba cha upasuaji. Mlangoni, rafiki yangu akamwambia asubiri, operesheni inamalizika, asiingie na taharuki zake. Akasubiri kidogo kisha akaamua kurudi kwa mgonjwa. Alipofika, yule mama alikuwa ameshaanza kutupa mikono na miguu, na mama mkwe wake amesimama ukutani anaita jina la Mungu.

Nilimwona akifanya kazi. Alimlaza ubavu, akaagiza oksijeni, akaagiza dawa ile ile aliyoiomba mwanzo, na safari hii hakumwuliza mtu. Alitaja kipimo chake bila kusita, sehemu ya kwenda kwenye mshipa na sehemu ya kuchomwa kwenye mapaja. Sauti yake haikupanda. Akaniambia, "Shika kichwa chake," nami nikashika. Nilikuwa naitazama mikono yake wakati anachoma. Haikutetemeka hata mara moja.

Bingwa alikuja, mama akapelekwa kupasuliwa. Mtoto alitoka hai, wa kiume, akalia. Mama alibaki bila fahamu siku mbili. Siku ya tatu akafumbua macho na hakuona kitu. Nuru ilimrudia polepole baada ya siku nyingi. Aliporuhusiwa, jicho la kushoto lilikuwa bado lina ukungu, na wataalamu walimwambia huenda utabaki. Alikuwa akimnyonyesha mwanawe huku amemgeuzia upande wa kulia ili amwone.

Kulifanyika kikao. Mkuu wa hospitali alitaka kujua kwa nini muda wote ule ulipita kati ya tarajali kutoa habari na dawa kuanza. Watu waliangalia meza. Mtu mmoja akasema mawasiliano hayakuwa mazuri siku ile, kulikuwa na kazi nyingi, na sentensi hiyo ikaandikwa. Kijana aliulizwa kama ana la kuongeza. Alikuwa amesimama nyuma karibu na dirisha. Akasema hana. Mimi sikuulizwa, wala sikunyoosha mkono. Nilitikisa kichwa kukubali yaliyoandikwa.

Siku iliyofuata baada ya swala ya adhuhuri nilimwita ofisini. Nilikuwa nimejiandaa na maneno marefu, lakini alipokaa yote yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba habari ya stoo ilitoka kwangu.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu asubuhi ya kwanza upasuaji. Nilipoondoka tu, msimamizi alimwambia asiogope, hapa hakuna atakayemlazimisha kitu, wanajua yaliyomkuta. "Na nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu," akaniambia.

"Mbona hukunijia ukanisema?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. "Kitabu changu kinahitaji sahihi yako, Mama," akasema.

Kwa miezi yote ile nilidhani ananiheshimu kama mzazi. Alikuwa ananiogopa kama bosi. Kila "nitajitahidi" na kila "yanakwenda vizuri" vilikuwa vya mtu anayepita karibu na mbwa bila kukimbia. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, kwa namna ambayo mtu husema ili aruhusiwe kuondoka. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama kuna njia yoyote ya kujaza mistari ya upasuaji, kwa kuwa bila hiyo hatamaliza mwaka.

Hilo angalau nililiweza. Nilikwenda kwa daktari mratibu nikamweleza kila kitu, tangu stoo hadi "usijitie wasiwasi". Alisikiliza huku anavua miwani na kuivaa. Siku hiyo alimaliza sentensi yake. "Akimaliza zamu zake apewe wiki nne za ziada upasuaji," akasema, "na mara hii wewe usimpeleke." Nikamwomba pia maelezo ya kile kikao yarekebishwe. Akasema faili limeshakwenda juu. Nilipaswa kusisitiza. Badala yake nilihisi mzigo umenitoka, na nikaaga haraka asije akabadili mawazo.

Kwa rafiki yangu nilikwenda saa nne ile ile ya chai, wenzake wakiwapo, nikawaambia sikuwa na haki ya kuwapa habari ile na ninaomba jina lile lisitajwe tena. Akasema nalikuza jambo, kwamba wao walimtakia mema tu. Ni kweli walimtakia mema. Hatukugombana, lakini tangu siku hiyo chai yetu ilikuwa na maneno machache, na baadaye nikaacha kwenda.

Wiki zake nne alikwenda mwenyewe, bila mtu wa kumtambulisha. Nilikagua kitabu mwishoni. Mistari ilikuwa imejaa. Daktari mmoja wa upasuaji, mzee asiyesifu mtu, alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba kijana huyu ana mkono wa kushona. Nikatia sahihi. Aliniambia "Asante, Sista," kama anavyomwambia muuguzi yeyote.

Alipomaliza, vijana, ambao walikuwa bado mjini wakisubiri leseni, walifanya sherehe ndogo ya kuagana katika ukumbi wa hospitali, pilau na kachumbari, viti vya kuazima. Yeye naye alikuja. Msichana mmoja kati yao akasimama kutoa shukrani kwa niaba ya kundi. Alisema mengi mazuri juu ya wakubwa zao, kisha akasema anataka kumshukuru mtu aliyewalea. Akasema nimewapokea kama wanangu, nimewatoa idara hii hadi ile, na nimezibeba siri zao bila kumwambia mtu. Wakapiga makofi. Nikamtazama yule kijana. Alikuwa anapiga makofi na wenzake, macho kwenye sahani yake. Nikapewa doti ya kanga mpya, nikaombwa niseme neno.

Niliposimama nilitaka kukiri. Wallahi nilitaka. Kisha nikaona kwamba siwezi kukiri bila kusema ilikuwa siri ya nani, na kwamba humo ukumbini walikuwamo wasiojua bado habari ya stoo. Siri yake ilikuwa yake. Kwa hiyo nikanyamaza, na kunyamaza kule, ambako kwa mara ya kwanza kulikuwa kwa ajili yake, kukanifaa mimi. Watu waliona machozi yangu wakadhani ni ya upendo. Nikasema asanteni wanangu, Mungu awafungulie njia, nikakaa.

Mwezi uliofuata niliomba nirudishwe kwenye kazi ya uuguzi. Sasa nipo kliniki ya watoto, napima uzito na kuchoma chanjo, na akina mama wanaponieleza mambo ya nyumbani kwao naandika kile tu kinachohusu mtoto. Yeye ni daktari katika wilaya nyingine. Nasikia wagonjwa wanamtaka yeye kwa jina. Kabla ya kuandika haya nilimtumia ujumbe kumwomba ruhusa, na nilingoja siku tisa. Akajibu kwa ufupi: niandike, ila nisiweke jina lake, wala langu, kwa sababu walioijua habari ile kwangu watamtambua yeye kwa jina langu. Hakuniita Mama wala Sista.

Kanga nilimpa binti wa dada yangu huko Tongoni siku ya arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wake. Alizisifu rangi. Akaniuliza nimezipata wapi, nikamwambia nilipewa kazini.